Upambanuzi wa Wagonjwa: Mtoto Yupi Atangulie

Mtoto anayezidiwa Chole, Juani au Jibondo, visiwa vidogo vya Mafia, ana safari ndefu mbele yake. Kuna mashua ya kuvuka Ghuba ya Chole hadi Utende, na maji yakipwa mashua haisogei hadi ufukoni. Kuna barabara ya kilomita 15 hivi hadi hospitali ya wilaya, Kilindoni. Akihitaji zaidi ya hapo, kuna bahari tena hadi Nyamisati, bara, au ndege ya Dar es Salaam. Kila hatua ina mtu wa kuamua: mzazi, tabibu wa zahanati, muuguzi wa zamu. Uamuzi huo madaktari wanauita triaji, nasi tumelizoea neno hilo bila kulitafutia mwenzake wa Kiswahili.

Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa cha kupanga bidhaa kwa ubora. Katika tiba linahusishwa zaidi na Dominique-Jean Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliyeshikilia kwamba majeruhi atibiwe kwa uzito wa jeraha, cheo kisitazamwe. Kiswahili kina kitenzi kinachokaribia sana, kuchambua, ila anayechambua mchele hutupa chuya na mawe. Mchujo ni mbaya zaidi: kwenye uchaguzi aliyechujwa ametoka. Mtoto anayesubiri kwenye benchi hajatoka. Ni zamu yake tu iliyosogezwa, na hali yake ikibadilika zamu nayo ibadilike.

Napendekeza upambanuzi wa wagonjwa. Kupambanua ni kutofautisha vinavyofanana machoni, na ugumu wa kazi hii uko hapo hapo. Watoto watatu wenye homa wamepakatwa na mama zao. Mmoja ana mafua, mwingine ana malaria ya kutibiwa kwa vidonge, na wa tatu amepungukiwa damu kiasi kwamba huenda asiione jioni. Anayelia sana huvuta macho ya watu, kumbe aliye hatarini ni yule aliyenyamaza.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha mwongozo wa upambanuzi na matibabu ya dharura kwa watoto. Mwongozo huo unawaweka katika makundi matatu. La kwanza halisubiri hata dakika: pumzi inayokwama, mikono ya baridi yenye mapigo dhaifu, kupoteza fahamu, degedege, kuharisha kulikomkausha mtoto maji. La pili hutangulizwa kwenye foleni: mchanga wa chini ya miezi miwili, mwenye viganja vyeupe, mwenye utapiamlo mkali, aliyeungua, aliyekunywa sumu. Humo humo yumo mtoto aliyeletwa kwa barua ya rufaa, na jambo hili lingefaa kujulikana na kila zahanati ya visiwani. Barua ya tabibu wa Chole ni dalili yenyewe, kwa hiyo aliyeibeba asipangwe nyuma ya waliofika asubuhi. Kundi la tatu husubiri zamu.

Haya hayahitaji mashine. Katika hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, Elizabeth Molyneux na wenzake walipopanga upya mapokezi ya watoto kwa njia hii, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8.

Baada ya mapokezi linakuja swali gumu zaidi: kati ya waliolazwa, nani apewe kitanda cha uangalizi wa karibu? Kwa malaria kali, watafiti wa hospitali sita za Afrika, ya Kilifi nchini Kenya ikiwemo, walitazama kumbukumbu za watoto zaidi ya 20,000. Dalili tatu zilitosha kuwabainisha walio hatarini zaidi: kulegea hadi kushindwa kuketi au kunyonya, kupoteza fahamu, na kupumua kwa kina. Kila moja ina alama moja. Muuguzi mmoja usiku anaweza kuzihesabu kwa macho yake, bila maabara.

Kitanda hicho nacho kimepewa jina linaloogopesha. Tukisema wodi ya mahututi, mzazi anasikia kwamba mwanawe anakwenda kufa. Uangalizi maalumu ni jina la kweli zaidi, kwani tiba yenyewe mara nyingi ni oksijeni, sukari, damu na jicho lisilobanduka, wala kumwagiwa vitu vingi si kutibiwa vizuri zaidi. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto wenye homa na dalili za mshtuko waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka walikufa zaidi katika saa 48 kuliko waliopewa ya taratibu: karibu asilimia 10.5 dhidi ya 7.3. Kumpambanua mtoto ni nusu ya kazi.

Nyumbani pia kuna upambanuzi, tena wa zamani kuliko hospitali. Pwani yetu wengi wamelelewa wakijua kwamba homa ni ya hospitali na degedege ni ya mganga, na kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Hofu hiyo ina chanzo: watoto wengi waliofikishwa wakiwa katika degedege walichelewa, na sindano ikawa jambo la mwisho kuonekana. Basi neno lile lile ambalo hospitalini linampeleka mtoto kundi la kwanza, nyumbani limekuwa likimtoa kwenye foleni kabisa. Anayefundisha upambanuzi Mafia aanze na bibi, mkunga na mganga, maana wao ndio wanaoitwa kwanza usiku.

Ghuba nayo inadai kanuni yake. Kilindoni daktari anaweza kumtazama mtoto wa kundi la pili kwa saa kadhaa kabla ya kuamua. Chole saa hizo ni za maji kupwa, au za kusi kuchafuka. Dalili ambayo Kilindoni ingesema tusubiri, Chole iseme tuvuke, avushwe angali ananyonya.