Mifupa ya Farasi na Majani ya Nyanda za Juu

Wasikilizaji wetu wa Njombe na Makambako, huenda mtatushangaa tukiwapa habari za farasi, mnyama ambaye wengi wenu hamkumwona ila katika picha. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia nchi hii na askari wapandao farasi, na kwa muda wa miezi michache wanyama wale walikufa kwa maelfu, kwa mbung'o na kwa maradhi yaenezwayo na visubi. Tangu hapo husemwa kwamba nchi yetu haiwafai farasi. Lakini majani yetu nayo yana kisa chake, na kisa hicho kilitokea mbali sana na hapa.

Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki huota setaria, na yale yaitwayo majani ya Kikuyu. Ng'ombe huyapenda sana. Wataalamu wa Kitale, nchini Kenya, walichagua setaria ya namna moja wakaiita Nandi, na mbegu zake zikavuka bahari hata Australia. Katika miaka ya 1970 huko Queensland, farasi waliolishwa majani ya namna hiyo walionekana wakichechemea. Wamekonda, na malisho tele mbele yao, na mifupa ya uso imevimba.

Sababu ni hii. Majani yale yana oksaleti, nayo huikamata kalisi, yaani ile chokaa ya mifupa, isiweze kuingia damuni. Damu haikubali kupungukiwa. Basi mwili huchota kalisi katika mifupa, hasa ya taya, na mahali pake pakajaa nyama ngumu. Ng'ombe huokoka mara nyingi, kwa kuwa vijidudu vya tumbo lake la kwanza huivunja oksaleti. Farasi hana tumbo hilo.

Zamani Ulaya maradhi hayo yaliwapata farasi wa wasaga nafaka, na majani hayakuwa na kosa: walishibishwa pumba kila siku. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, hali mnyama huyu ahitaji kalisi isiyopungua fosforasi, na afadhali izidi.

Hapo ndipo habari inapotugusa sisi. Makambako ni mji wa mahindi, na pumba hazikosekani mashineni. Punda ni ndugu wa farasi, na tumbo lake ni la namna ile ile. Mwenye punda wa kubeba mizigo humpa pumba kwa wema, akidhani amemtunza. Na ampe kidogo tu. Majani ya namna mbalimbali yawe mengi, pamoja na alfalfa, ambayo ina kalisi nyingi. Magadi na chumvi havijazi upungufu huu. Kinachofaa ni unga wa mawe ya chokaa uliotengenezwa kwa mifugo, kwa kipimo cha bwana mifugo. Wala si ile chokaa iliyochomwa ya kupaka nyumba, maana hiyo huunguza kinywa.