Kaburi la Pembeni

Kwenye uwanja wa Makumbusho ya Majimaji mjini Songea kuna makaburi mawili. Moja ni la halaiki, la watu 66 waliozikwa pamoja. La pili liko peke yake, na humo amelala mtu mmoja: Nduna Songea Mbano, mmoja wa watawala wa Kingoni. Wenyeji watakwambia mwili huo ulizikwa bila kichwa. Karibu na hapo zimepangwa sanamu za viongozi wa Kingoni, kuanzia mabegani kwenda juu, naye Songea yumo. Kichwa chake kilichobaki katika mji unaoitwa kwa jina lake ni hicho cha sanamu.

Jina hilo Wajerumani walilikuta, hawakulileta. Mwaka 1897 walipojenga boma lao chini ya milima ya Matogoro, mahali Mto Ruvuma unapoanzia safari yake, walikuwa katika himaya ya nduna huyo. Hata uingiaji wao haukuwa wa vita. Luteni Engelhardt aliwaita watawala wa Kingoni waje bomani kwa mazungumzo. Walipokwisha kuingia, wakazingirwa na kushikiliwa mpaka walipokubali bendera ya Kaisari. Fikiria walikuwa watu gani hao. Mababu zao walitoka Afrika Kusini nyuma ya Zwangendaba, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na vizazi vyao vilipofika Ruvuma vikawameza Wandendeule na kuwafanya Wamatengo wakimbilie milimani. Taifa lililojengwa kwa mkuki likatiwa mfukoni katika kikao kimoja. Aibu ile haikusahaulika Ungoni, na ukiiruka huwezi kuelewa kwa nini miaka minane baadaye watu hao walikuwa tayari kupokea maji ya dawa ya vita.

Yalifuata mengine. Kodi, kazi ya shuruti, na nguvu za watawala kunyofolewa kidogo kidogo. Huko Maposeni, kwenye makao ya Mputa bin Gama, Nkosi, yaani mtawala mkuu, wa Njelu, dola ya kusini ya Wangoni, mmisionari alikichoma moto kibanda cha mahoka, mahali mizimu ya wazee ilipotambikiwa. Mputa alimezea hilo kwa miaka kadhaa. Hakulisamehe.

Vita vya Majimaji vyenyewe vilianzia mbali, kwenye vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya serikali mwezi Julai 1905. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kugeuza risasi, alinyongwa mapema Agosti, lakini maji yalikwisha kumtangulia. Yalibebwa na wajumbe kutoka kabila hadi kabila, na yule aliyeyafikisha Ungoni aliitwa Omari Kinjala. Alipokewa Mshope, dola ya kaskazini iliyokuwa chini ya Chabruma, kisha maji yakashuka Njelu kwa Mputa na manduna wake. Tarehe 9 Septemba 1905 misheni ya Peramiho ilichomwa moto.

Ukizungumza juu ya vita hivi leo, haipiti dakika tano bila mtu kutaja maji na risasi, na mara nyingi kwa sauti ya kuwasikitikia wazee wetu kama watoto waliodanganywa. Mimi hilo linaniuma. Maji yalifanya jambo ambalo hakuna mtawala wa eneo lile aliyewahi kulifanya: yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni dhidi ya adui mmoja, ilhali baadhi yao walikuwa wameuana kwa miaka mingi. Kilichowavunja Wangoni uwanjani hakikuwa imani yao peke yake. Namna yao ya kupigana ilichangia pia. Jeshi lao lilizoea kukusanyika kwa wingi, ngao kwa ngao, na kumsogelea adui hadi umbali wa mkuki. Kwa karibu karne nzima mbinu hiyo iliwapa ushindi. Mbele ya bunduki za rashasha, wingi ule ukawa shabaha.

Hilo lilionekana Namabengo, kwenye njia inayotoka Songea kwenda Tunduru. Maelfu ya wapiganaji walikuwa wamepiga kambi pale. Tarehe 21 Oktoba 1905, alfajiri, kikosi cha Wajerumani na askari wao, wengi wao Waafrika, kiliwashambulia kwa ghafla. Watu walioamka wakitafuta ngao zao walikutana na rashasha zikiwa zimekwisha kuelekezwa kwao. Simulizi zinasema waliokimbia waliitupa dawa njiani huku wakipiga kelele kwamba wametapeliwa. Anayepita leo kwa basi anaona mashamba ya mahindi na nyumba za matofali, na gari haliendi polepole.

Baada ya Namabengo hapakuwa tena na pambano kubwa Ungoni, na hapo ndipo vita vikawa vibaya zaidi. Wapiganaji walivunja majeshi makubwa wakawa vikundi vidogo, wakavizia misafara, wakajificha misituni na mapangoni. Kwa adui wa namna hiyo rashasha haina kazi. Kwa hiyo Wajerumani wakageukia chakula. Padre mmoja Mbenediktini alipomwonya Kapteni Richter, mkuu wa boma la Songea, kwamba watu watakufa njaa, Richter alijibu kuwa na wafe. Kama angeweza, angewazuia hata kupanda, kwani ndiyo njia pekee ya kuwachosha na vita. Meja Johannes aliyefika na vikosi zaidi kabla ya mwisho wa mwaka aliifuata njia hiyohiyo. Vijiji vilichomwa, nafaka ikabebwa, mifugo ikaswagwa.

Anayelima kusini ataelewa haraka uzito wa miezi ile. Mavuno ya Ungoni huingia katikati ya mwaka, na mvua huanza Novemba au Desemba. Kihenge cha mwezi Novemba kina vitu viwili ndani yake: chakula cha kufikia mavuno yajayo na mbegu za mavuno hayo. Ukikichoma mwezi huo, umeua mwaka huu na mwaka unaofuata kwa kiberiti kimoja.

Mwanzoni mwa 1906 viongozi walianza kukamatwa, mmoja baada ya mwingine. Mputa alikamatwa, Songea naye akawa mikononi mwao. Chabruma alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji na hakurudi, alifia huko. Tarehe 27 Februari 1906 kamba zilifungwa mjini Songea. Padre alikuwa amewaendea wafungwa gerezani, na baadhi yao, Mputa akiwamo, walikubali kubatizwa kabla ya kunyongwa. Miongoni mwa walionyongwa alikuwamo mwanamke mmoja, Nduna Mkomanile wa Kitanda, aliyeshiriki kuyaeneza maji. Songea, kwa masimulizi ya wenyeji, Wajerumani walitaka kumwacha hai wapate kumtumia. Akakataa kubaki nyuma ya wenzake. Alinyongwa baadaye, akazikwa kando, na kichwa chake, inaaminika, kilipelekwa Ujerumani.

Hawa 67, wale 66 wa kaburi la halaiki pamoja na Songea, tunawajua. Kila mwaka tarehe 27 Februari mji huwakumbuka kwa gwaride na mashada ya maua, na wanastahili. Lakini serikali ya kikoloni yenyewe ilikadiria kuwa Waafrika 75,000 walikufa katika vita vya Majimaji, na mwanahistoria Gilbert Gwassa akafikisha makadirio hayo kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wa hao hawakufa kwa kamba wala risasi. Walikufa kwa njaa ya 1906 na 1907, wakichimba mizizi porini, wengi wao wanawake na watoto ambao hawakushika mkuki. Hawana mnara wala orodha ya majina. Ningependa siku moja, kando ya sanamu zile, kijengwe kihenge kimoja kitupu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Alikutana na watu wa ukoo wa Mbano, akaweka maua, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya hapa. Ilikuwa imepita miaka 117. Ukoo ulikuwa na ombi moja la siku nyingi, kichwa cha babu yao kirudi kizikwe na mwili. Steinmeier aliahidi kwamba kitatafutwa. Akasema pia, bila kuzunguka, kwamba hawezi kuahidi kuwa kitapatikana, kwa sababu mabaki ya watu yaliyochukuliwa enzi zile ni mengi na kuyatambua ni kazi ngumu.