Shirika, Jumuiya na Baraza: Maneno Yetu ya Mpakani



Wanafunzi wa madrasa hutuuliza: ikiwa shirki ni dhambi kubwa, mbona Waislamu wanaanzisha mashirika? Swali zuri. Maneno yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kuwa na fungu pamoja na mwingine. Kumpa Mwenyezi Mungu mshirika ndiyo shirki. Watu wawili kuchanganya mtaji sokoni Busia ni biashara ya halali, na fiqhi ina mlango wake mzima. Jumuiya nayo ni ndugu wa Ijumaa, jamaa na jamii: kukusanyika.

Lakini linalotugusa zaidi sisi wa Busia na Tororo ni baraza. Asili yake ni mahali pa kuketi mbele ya nyumba na kuzungumza na jirani. Hadi mwaka 1902 pande zetu zote zilihesabiwa Uganda, kisha Waingereza wakahamishia upande wa mashariki Kenya. East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa 1945, ilisaidia shule na misikiti Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Baadaye kila nchi ikawa na chombo chake: Baraza Kuu la Waislamu Uganda mwaka 1972, la Kenya mwaka 1973.

Basi mwezi ukisubiriwa, Busia husikiliza Kadhi Mkuu upande mmoja na Mufti upande wa pili. Matangazo yakitofautiana, jamaa wa ukoo mmoja, hatua chache tu kati yao, huyu amefunga na yule anakula Idi.