Kirukanjia

Kirukanjia (wingi: virukanjia, pia mpasuasanda) ni ndege wa usiku wa jenasi *Caprimulgus*, familia Caprimulgidae. Jenasi hii, iliyopewa jina na Linnaeus mwaka 1758, ina spishi 40 hivi Afrika, Ulaya, Asia na Australia. Jina la Kilatini lina maana ya mkamua mbuzi: Wazungu wa kale waliamini kwamba hunyonya mbuzi usiku, ilhali chakula chake ni wadudu.

Umbo na mwenendo

Manyoya yake ya rangi ya kahawia, kijivu na nyeusi hufanana na majani makavu au gome la mti, na hiyo ndiyo kinga yake kubwa. Mchana hulala chini akiwa amefumba macho, au juu ya tawi kwa urefu wake. Mpita njia humwona pale tu ndege huyo anaporuka karibu na mguu wake. Domo ni fupi, lakini kinywa hupanuka sana na pembeni mwake mna vinyweleo vigumu. Miguu ni midogo, na ukucha wa kidole cha kati una meno kama chanuo. Jioni hukamata nondo, mbawakawa na kumbikumbi hewani. Usiku hupenda kutua barabarani, na macho yake hung'aa mekundu katika taa za gari. Hajengi tago: jike hutaga yai moja au mawili juu ya ardhi tupu.

Spishi za Afrika Mashariki

Kirukanjia-milima (*C. poliocephalus*) hukaa nyanda za juu, na kirukanjia-miamba (*C. tristigma*) hulala juu ya majabali na hubweka kama mtoto wa mbwa. Kirukanjia wa Ulaya (*C. europaeus*) huja kukwepa baridi ya kaskazini. Dume wa *C. vexillarius* huburuta manyoya marefu ya mabawa mithili ya bendera. Jirani, katika Kongo ya mashariki, kirukanjia wa Itombwe (*C. prigoginei*) alielezwa mwaka 1990 kutokana na jike mmoja aliyekusanywa mwaka 1955.

Tabaka na Gusii

Tabaka, mji wa wachonga mawe ya sabuni katika Kaunti ya Kisii (eneo la Gusii), uko kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, makao ya kirukanjia-milima. Mashamba yamebanana, lakini spishi hii huvumilia bustani zenye miti, hata vitongoji vya Nairobi.

Vitisho

Virukanjia hutishiwa na magari na ukataji wa miti.