Kambarage Kabla Hajaitwa Mwalimu: Nyumba Iliyomlea Mwandishi

Ndugu zetu wa Musoma, Bunda na Butiama, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Tukimtaja Mwalimu Julius Nyerere, wengi wetu tunakumbuka Uhuru, Muungano na Azimio la Arusha. Mwaka huu tumeona tumkumbuke kwa kazi nyingine aliyoifanya hadi uzeeni, yaani kazi ya kalamu. Alikuwa mshairi na mfasiri. Tukitazama alikotoka, tunaona kwamba mengi aliyoyaandika yana mizizi yake hapa kwetu.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito na Mama Mgaya wa Nyang'ombe. Siku hiyo mvua ilinyesha, ndiyo maana akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Jina la baba yake nalo lina habari yake. Nyerere kwa Kizanaki ni viwavi, na mzee huyo alizaliwa wakati viwavi walipovamia nchi. Ndivyo wazee wetu walivyohifadhi historia kabla ya vitabu: waliiweka katika majina, na kila mtoto akatembea na sehemu yake.

Mama Mgaya alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa Chifu. Kambarage alikua kama watoto wengine wa hapa, akichunga mifugo, akisaidia shambani, na kusikiliza wazee wakizungumza. Desturi ile ya wazee kukaa pamoja na kujadiliana mpaka wakubaliane ilimkaa moyoni, na alipokuwa kiongozi aliiandikia na kuitetea mbele ya dunia.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, karibu kilomita 40 kutoka Butiama. Mpaka siku hiyo lugha yake ilikuwa Kizanaki, na Kiswahili alikwenda kujifunza shuleni. Tunaomba kila mzazi alikumbuke jambo hili. Mtu ambaye baadaye alimfasiri Shakespeare hakukikuta Kiswahili mlangoni kwao. Alikipata darasani, pale pale Mwisenge, ambapo watoto wa Musoma wanasoma hadi leo.

Mwaka 1937 alikwenda Tabora. Baba yake alifariki mwaka 1942, na mwaka uliofuata kijana akaingia Makerere, Uganda. Desemba 1943 alibatizwa na kupewa jina la Julius. Huko Makerere alisoma maandishi ya Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kukandamizwa kwa wanawake, naye akaandika insha juu ya hali hiyo katika jamii yake mwenyewe. Uzeeni alieleza sababu: baba yake alikuwa na wake 22, na yeye alijua jinsi walivyofanya kazi ngumu na waliyoyapitia kama wanawake. Mill alimpa hoja, lakini ushahidi alitoka nao Butiama.

Kisha ikaja kazi ya kufasiri. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri ya mchezo wa Julius Caesar, na mwaka 1969 akaitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ilitoka Mabepari wa Venisi. Angeweza kuwaita wafanyabiashara au matajiri. Akachagua mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, na msomaji akaelewa mara moja kwamba habari za Venisi zinamhusu. Katika Juliasi Kaizari watu wazima wanasimama mbele ya umma na kushindana kwa maneno. Sisi tunaosoma tukiwa wenyeji wa Mara tunahisi kwamba mfasiri alilijua baraza kabla ya kuujua ukumbi wa maigizo. Mwaka 1996 vilitoka vitabu vyake vya Tenzi za Biblia. Hata alipopumzika madaraka Butiama, hakupumzisha kalamu.

Ndugu zetu, kipaji kile kilikuwako kabla ya shule, lakini bila shule tusingekisikia. Nyumba ilimpa majina yenye historia, mazungumzo ya wazee na mateso ya akina mama aliyoyaona kwa macho yake. Mwisenge ikampa lugha ya kuyasema kwa watu wengi. Mambo hayo mawili yalipokutana, tukapata mwandishi.

Tujiulize pia kuhusu wasichana waliokua wakati ule ule, wakasikiliza wazee wale wale, lakini hakuna aliyewapeleka Mwisenge. Tenzi zao hatutazisoma kamwe. Na leo bado wapo mabinti katika vijiji vyetu wanaoolewa kabla ya kumaliza shule, na wavulana wanaochunga ng'ombe wakiwa na hadithi kichwani lakini hawana daftari.

Kwa hiyo mchango wako wa mwaka huu katika mfuko wetu wa elimu, uwe mkubwa au mdogo, ni kitabu, dawati, au kitanda cha bweni kwa binti anayetoka mbali. Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni tuchange, na tuwalee watakaoandika habari zetu kesho.