Bustani Isiyo na Kizingiti

Nyumba ya sanaa yaweza kuwa na mlango ulio wazi mchana kutwa, na bado watu wengi wasithubutu kuingia. Kimya cha vyumba vyake na macho ya walinzi huwatia haya wale wasioyazoea mambo hayo. Bustani haina haya hiyo. Mtoto huja kukimbia, mzee huja kupumzika, maarusi huja kupigwa picha, na sanaa hukaa kati yao bila ya kudai heshima. Kwa fikira hiyo nyumba nyingi za sanaa zimetoa sanamu zao nje, zikaziweka chini ya miti. Lakini historia ya bustani moja, iliyo katika mji wa Minneapolis, Marekani, yaonyesha kuwa kuifanya bustani mali ya wote ni kazi ngumu kuliko kufungua lango.

Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1988 kwa ushirika wa nyumba ya sanaa iitwayo Walker Art Center na halmashauri ya bustani za mji. Ardhi ni ya mji. Nyumba ya sanaa, iliyo ng'ambo ya barabara, huchagua sanamu na kuzitunza. Kiingilio hakitozwi. Sanamu iliyo mashuhuri kuliko zote ni kijiko kikubwa mno, kilicholazwa juu ya kidimbwi mfano wa daraja, na tunda jekundu la cheri limeketi juu yake. Ni kazi ya Claes Oldenburg na Coosje van Bruggen, nayo imekuwa alama ya mji.

Jina lenyewe la mji huo laanza na neno la Kidakota lenye maana ya maji, kwani nchi ile ilikuwa ya Wadakota kabla ya kuja Wazungu. Mwaka 1862 palizuka vita baina yao na walowezi. Vita vilipokwisha, tarehe 26 Desemba mwaka huo, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa mara moja katika mji wa Mankato, kwa idhini ya Rais Abraham Lincoln. Baadaye Wadakota wengi walifukuzwa katika nchi yao.

Mwaka 2017 bustani ilikuwa ikitengenezwa upya, na kati ya vitu vipya palijengwa jukwaa refu la mbao na chuma, kazi ya Sam Durant, msanii Mzungu. Jukwaa hilo liliunganisha maumbo ya majukwaa saba ya kunyongea watu yaliyotumika katika historia ya Marekani, na moja lao lilikuwa lile la Mankato. Nia ya msanii ilikuwa kuilaumu adhabu ya kifo. Wadakota hawakuulizwa. Mwishoni mwa Mei waliliona likisimama nyuma ya ua wa seng'enge, lina ngazi ambazo watoto wangepanda wakicheza. Wakakusanyika penye ua huo, wakapinga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Tarehe 31 Mei wazee wa Kidakota, msanii, na wakuu wa nyumba ya sanaa waliketi kusikilizana. Durant alikubali jukwaa livunjwe, akawapa Wadakota haki zake zote juu ya kazi ile. Siku mbili baadaye uvunjaji ulianza kwa ibada ya wazee. Hatimaye mbao zikazikwa.

Wako walionung'unika kuwa uhuru wa sanaa umekabwa koo. Hoja hiyo ina uzito wake, ila yasahau tabia ya mahali. Aingiaye chumba cha maonyesho huuandaa moyo wake mlangoni. Bustani haina kizingiti cha kumwonya mtu. Wema huo uvutao watu wote ndio uliofanya jeraha la Wadakota liwe pembea ya watoto.

Mwaka 2021 iliwekwa bustanini humo kazi ya Angela Two Stars, msanii wa Kidakota, iitwayo Okciyapi, yaani kusaidiana. Ina viti vilivyopangwa kama mawimbi yazungukayo tone la maji, na maji yenyewe yako katikati. Mtu aketipo hapo aweza kuyasoma maneno ya Kidakota na kuyasikia yakitamkwa. Kupotea njia ndiko kujua njia.