Mgagao: Bunduki Zilizokuwa na Mdhamini

Katika nyanda za baridi za Kilolo, mkoani Iringa, ambako wageni hufuata viazi na mbao pasi na kuuliza taarikhi ya ardhi waikanyagayo, palikuwapo katika miaka ya 1970 kambi ya Mgagao, maskani ya wapiganaji wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU cha Zimbabwe, waliofunzwa vita na wakufunzi wa Kichina kwa idhini ya serikali yetu na kwa msaada wa Kamati ya Ukombozi, iliyoundwa mwaka 1963 na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, makao yake yakiwa Dar es Salaam.

Mwaka 1975, Herbert Chitepo, mwenyekiti wa ZANU, akiwa ameuawa Lusaka na wakuu wengi wa chama wakiwa kifungoni Zambia, maofisa wa Mgagao waliandika azimio, wakaipelekea Kamati hiyo pamoja na serikali za Tanzania na Msumbiji, wakimkataa Ndabaningi Sithole, aliyekuwa kiongozi wa chama, na kutaka mashauri yao yapitie kwa Robert Mugabe, ambaye miaka mitano baadaye alikuwa waziri mkuu wa Zimbabwe. Ni jambo la kustaajabisha, nami siachi kulifikiri, kwamba uongozi wa dola la mbali ulielekezwa kutoka vilima vya Iringa.

Hata hivyo, haifai kuificha hatari iliyokuwapo. Mwaka 1976, baada ya ZANLA na ZIPRA, jeshi la chama kingine cha Zimbabwe, kuunganishwa katika jeshi moja la ZIPA, walipigana wenyewe kwa wenyewe papo hapo Mgagao, na damu ya ndugu ikamwagika mbali na adui waliyemkusudia. Lakini silaha zilipita mikononi mwa jeshi letu, na mwenyeji alijulikana, akaweza kuulizwa.

Makundi ya siku hizi si hivyo. Wanamgambo waliovamia Mocímboa da Praia, Msumbiji, Oktoba 2017, na miaka mitatu baadaye wakavuka Ruvuma kuchoma nyumba za Kitaya, Mtwara, hawana mdhamini wa kuulizwa. Kadhalika Al-Shabaab wa Somalia, walioua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, mwaka 2015. Na M23, waasi wa Kongo walioingia Goma Januari 2025, wanatajwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuwa wanasaidiwa na Rwanda, nayo Kigali yakana. Kwa maoni yangu mwenyeji anayejificha ni hatari kupita kutokuwa na mwenyeji kabisa, kwani amani haina mtu wa kuijadili naye.

Wazee wa Kilolo walioishi jirani na kambi wanapungua. Wenye vinasa sauti na waende wakawasikilize sasa.